Jinsi ya kumfuatilia Karina Maruyama mtandaoni bila kujua Kijapani

Maruyama ni mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Japani. Anza na jina lake, na uliandike kama wenyewe wanavyoliandika: 丸山桂里奈. Linakili hapa, ulibandike YouTube au Instagram. Ukitumia herufi zetu utaambulia makombo.

Halafu jiandae, maana kitakachokuja si mpira. Utaletewa mwanamama anayeropoka vituko kwenye vipindi vya burudani huku studio nzima ikishika mbavu. Alistaafu soka mwaka 2016, na siku hizi hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nanoa timu ya mabinti, kwa hiyo wangu siwaruhusu waanzie kwenye vichekesho. Bao kwanza.

Baada ya jina ongeza サッカー, yaani soka. Au ingia chaneli ya FIFA utafute Ujerumani na Japani, 2011. Ni robo fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Wolfsburg, tarehe 9 Julai. Wajerumani ni wenyeji, na kombe wamelibeba mara mbili mfululizo, 2003 na 2007. Maruyama katokea benchi. Dakika ya 108 Homare Sawa anapenyeza pasi, Maruyama anaikimbilia upande wa kulia. Simamisha video hapo hapo. Pembe imeshabana, kipa Nadine Angerer yuko mbele yake. Mimi ningempigia kelele arudishe mpira katikati. Yeye anapiga kuvuka lango, nguzo ya mbali, 1-0. Siku nane baadaye Japani ni mabingwa wa dunia.

Usiondoke bado. Tafuta pia 東京電力マリーゼ. Hiyo ni Mareeze, timu ya kampuni ya umeme ya TEPCO, aliyoichezea akiwa pia mwajiriwa wa kampuni hiyo kwenye kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Ndicho kinu kilichoharibiwa na tsunami ya Machi 2011, miezi minne tu kabla ya bao lile, yeye akiwa ameshahama. Kabla ya mechi na Ujerumani, kocha Norio Sasaki aliwaonyesha wachezaji picha za maafa hayo. Ukishayajua haya, utamcheka kwa namna nyingine kabisa.

Sasa vichekesho, ruksa. Tafsiri ya moja kwa moja ya maneno anayosema huvuruga utani, usiitegemee sana. Afadhali maandishi makubwa ya rangi ambayo televisheni za Japani huyajaza kwenye skrini: simamisha, piga picha ya skrini, uipitishe kwenye Google Lens ikutafsirie. Akaunti zinazokata vipande na kuvibandikia vichwa vya kushtua ziache zipite. Ndoa yake na Kenji Honnami, kipa wa zamani wa timu ya taifa, ilitangazwa wazi. Ya nyumbani zaidi ya hapo hayatuhusu.

Ukitaka kuwakuta Wajapani wakimjadili kipindi kikiwa hewani, hesabu ya saa ni rahisi mno kwetu wa Afrika Mashariki. Wametutangulia saa sita, kwa hiyo namba ya saa yao ni ile ile tunayoitamka sisi. Wakitangaza saa 7 ya jioni kwao, kwetu ni saa saba mchana. Wakiandika 19時, toa 12 kwanza, kisha weka kengele.