Somo: Kukagua yai la kisukuku la dinosaria kabla hujalipa

Mayai mengi ya dinosaria ya kughushi yana maganda halisi kabisa, na hapo ndipo wanunuzi hunaswa. Mghushi hukusanya vipande vya maganda, ambavyo ni rahisi kupatikana kuliko yai zima, kisha huvibandika juu ya kiini cha simenti, jasi au mchanga uliochanganywa na gundi. Ukimwonyesha mtaalamu kipande kimoja atakuambia ni cha dinosaria, na atakuwa amesema kweli. Kwa hiyo muda wote wa ukaguzi jiulize hivi: vipande hivi viliwahi kuwa yai moja?

Andaa lenzi ya mkono inayokuza mara 10, tochi, mizani, rula, taa ya urujuanimno ya nanomita 365, pamba na asetoni kidogo.

Hatua ya 1: Tafuta ganda. Kuna mawe ya mviringo yaliyojijenga yenyewe ardhini, madini yakigandamana tabaka juu ya tabaka. Yanafanana sana na mayai lakini hayana ganda. Chungulia kwenye kingo za nyufa au mahali palipobanduka: ganda huonekana kama tabaka jembamba, mara nyingi la milimita 1 hadi 3, lenye rangi tofauti na jiwe la ndani. Usipoliona popote, ishia hapo.

Hatua ya 2: Pima uzito. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.52. Umepata ujazo. Yai lililojaa mashapo yaliyogeuka jiwe huwa na takriban gramu 2.3 hadi 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Yai la duara la sentimita 14 lina ujazo wa karibu 1,430, basi litegemee kilo 3.3 hadi 3.9. Likija na kilo 1.6, ndani kuna jasi au rezini, au kuna uwazi. Ila simenti ina uzito unaokaribiana na wa jiwe, kwa hiyo uzito mzuri haujathibitisha lolote.

Hatua ya 3: Soma nyufa. Hapa tumia nusu ya muda wako. Yai lililozikwa hukandamizwa na uzito wa udongo, ganda likapasuka papo hapo lilipo. Vipande vyake hubaki jirani, na kingo zao huitikiana: penye pembe upande huu, pana kibonyeo cha umbo hilo upande wa pili. Mara nyingi kipande kimoja huwa kimeteleza kidogo chini ya mwenzake, na yai zima limebonyea upande mmoja.

Kwenye yai la kubandika utaona vipande vinavyokaribiana ukubwa, vimepangwa kama vigae, na katikati yao mna ujia wa mchanga wenye upana uleule kila mahali. Chagua vipande kumi vilivyo jirani ujaribu kuvifunga kwa macho. Visipofungana hata jozi tatu, una sababu ya kutosha ya kuacha. Angalia pia mpindo: kipande kilichotoka kwenye yai kubwa huwa bapa mno kwa yai dogo, hivyo kingo zake hunyanyuka.

Mghushi mwenye haraka hufanya kosa jingine: hubandika kipande kichwa chini. Upande wa ndani wa ganda umejaa vichwa vidogo vya fuwele vilivyosongamana, na hauna nakshi ya upande wa nje. Kipande kimoja cha namna hiyo kinatosha kuliangusha yai zima, maana ganda haliwezi kujigeuza likabaki limelingana na majirani zake.

Hatua ya 4: Fuata nakshi. Mayai marefu ya jamii ya oviraptori, dinosaria waliofanana na ndege, yana matuta membamba yanayoelekea kufuata urefu wa yai sehemu ya katikati, kisha yanakatikakatika na kuwa vipele kwenye ncha. Mulika tochi kutoka ubavuni ili vivuli viyatokeze. Matuta yakienda huku kwenye kipande kimoja na kule kwenye kingine, yai limeungwa. Mayai ya duara ya sauropodi, dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, yana vipele tu, kwa hiyo hapo rudi kwenye nyufa.

Hatua ya 5: Taa na asetoni. Gizani, gundi nyingi hung'aa weupe wa bluu chini ya taa ya urujuanimno. Kalisaiti, madini ya jamii ya chokaa, nayo huweza kung'aa, basi angalia mahali: mng'ao unaofuata kila ufa yaelekea ni gundi. Kisha gusa sehemu iliyojificha kwa pamba yenye asetoni kwa sekunde kumi. Rangi ikihamia kwenye pamba, yai limepakwa rangi. Kikitoka kitu cha kunata kisicho na rangi, huenda ni dawa ya kuimarisha ambayo hata makumbusho hutumia. Hilo si kosa.

Hatua ya 6: Hati. Yai halisi laweza kuwa mali ya wizi. China ina kanuni za ulinzi wa visukuku zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2011, na Mongolia huvihesabu visukuku kuwa mali ya taifa. Mabaki ya kinda wa dinosaria wa aina ya Beibeilong yalitoka jimbo la Henan, China, yakafika Marekani miaka ya 1990, na mwaka 2013 yakarudishwa China. Dai karatasi za kusafirisha. Cheti alichokiandika muuzaji mwenyewe hakihesabiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Tone la asidi halitoshi? Likitoa povu si ni ganda?

Jibu: Povu linaonyesha kuna kaboneti tu, yaani madini kama ya chokaa. Ganda halisi lililobandikwa litatoa povu, na simenti pia inaweza. Jasi na rezini hazitoi, kwa hiyo asidi hukusaidia kukataa, haikusaidii kukubali. Tena inakula nakshi. Mimi siitumii kwenye uso wa yai.

Swali: Muuzaji anasema ndani kuna kiinitete. Ananionyesha mfupa mdogo kwenye ufa.

Jibu: Usilipe hata senti ya ziada kwa neno hilo bila picha za CT (eksirei zinazoonyesha ndani tabaka kwa tabaka) zilizosomwa na mtu asiye na hisa kwenye mauzo. Viinitete ni adimu mno. Kile cha Ganzhou, China, kilichotangazwa Desemba 2021, ndani ya yai la sentimita 17, kilikaa ghalani miaka kabla mtu hajaiona mifupa. Vishipa vya kalisaiti ndani ya yai hufanana na mifupa kwa asiyezoea.

Swali: Ninanunua mtandaoni, siwezi kulishika. Niombe nini?

Jibu: Omba picha sita, moja kila upande, chini pakiwemo, kwa mwanga wa kutoka ubavuni. Halafu picha tatu za karibu zenye rula, uzito, vipimo vitatu, na picha ya gizani chini ya taa ya urujuanimno. Upande wa chini ndio wanaouficha sana. Akikataa kuuonyesha, mwache.

Swali: Na likiwa limekarabatiwa kidogo?

Jibu: Ufa uliojazwa hauna neno, mradi ameutaja na umeonyeshwa ulipo. Lakini ganda la asili likipungua nusu ya uso, sasa unanunua kazi ya mkarabati zaidi ya yai, na bei ishuke kwa kadiri hiyo.