Seva ya Apache Inapokataa Kupakia Moduli: Namna ya Kutafuta Chanzo

Moduli ya Apache (programu ya kuhudumia tovuti), kama ilivyo kwa kiendelezi cha PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti), ni faili la nyongeza lenye tamati ya .so ambalo hupakiwa programu inapoanza kazi. Moduli ikikosekana, au ikiwa ya toleo jingine, Apache hukataa kabisa kuwaka. Wengi hapo hukimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya, jambo ambalo mara nyingi huliacha kosa palepale. Mifano ifuatayo ni ya mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu. Tofauti za Fedora nitazitaja pale zenye uzito tu.

Kabla ya kugusa chochote, kagua usanidi:

sudo apachectl configtest

Amri hii husoma mafaili yote ya usanidi bila kuisimamisha seva, na ikikuta kosa hutaja faili na mstari wake. Ikijibu "Syntax OK" na bado seva haiwaki, fungua /var/log/apache2/error.log (kwenye Fedora ni /var/log/httpd/error_log), kisha usome pia matokeo ya journalctl -u apache2. Tafuta kosa la kwanza kuandikwa baada ya jaribio la kuwasha, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi huzaliwa na hilo.

Kuanzia hapa, maneno ya kosa ndiyo yanayoamua hatua. Ukiona "Invalid command" likifuatwa na neno kama RewriteEngine, moduli husika haijawezeshwa. Andika sudo a2enmod rewrite, kisha uwashe seva upya.

Kosa la "cannot open shared object file" linahitaji subira zaidi, kwa sababu jina la faili lililotajwa kabla tu ya maneno hayo linaweza kuwa la moduli yenyewe au la maktaba (faili la msimbo unaotumiwa na programu nyingi) ambayo moduli inaitegemea. Watu hutazama saraka ya /usr/lib/apache2/modules, wakaikuta moduli ipo, wakadhani seva imekosea. Ichunguze hivi, ukiweka jina la moduli yako:

ldd /usr/lib/apache2/modules/mod_mfano.so | grep "not found"

Kila mstari utakaotokea ni maktaba iliyokosekana. Sakinisha kifurushi chake kutoka hazina rasmi ya mfumo wako. Usinakili maktaba kutoka kompyuta nyingine, wala usitengeneze kiungo kinacholipa toleo jipya jina la toleo la zamani. Kosa la kuwasha huenda likatoweka, lakini seva ikaja kuanguka ikiwa katikati ya kazi, na chanzo kikawa kigumu zaidi kukipata.

Ujumbe wenye "undefined symbol" kwa kawaida, na wenye neno "garbled" karibu kila mara, humaanisha kwamba moduli ilijengwa kwa toleo tofauti. Moduli ya Apache 2.2 haipakiki kwenye 2.4 hata ukibadilisha usanidi namna gani. Tafuta kifurushi cha toleo lako, au uijenge upya kutoka msimbo wake kwa zana ya apxs, ambayo huja na kifurushi cha apache2-dev.

PHP ina tabia yake. Kiendelezi kikishindwa kupakiwa, PHP hutoa onyo la "Unable to load dynamic library" na kuendelea bila hicho, hivyo tovuti huvunjika baadaye kwa kosa linaloonekana halihusiani. Isitoshe, amri ya php -m husoma usanidi wa terminali, mathalani /etc/php/8.2/cli, ilhali tovuti inayoendeshwa na PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP kando ya Apache) husoma /etc/php/8.2/fpm, hivyo kiendelezi kinaweza kuwapo upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Kagua pia saraka ya viendelezi: ya PHP 8.2 huitwa 20220829, na ya 8.3 huitwa 20230831. Kiendelezi kilichojengwa kwa moja hakitapakiwa na nyingine.

Kwenye Fedora, ukikuta "Permission denied" ilhali ruhusa za faili ni sahihi, mshuku SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux unaodhibiti mafaili kwa lebo. Faili lililohamishwa kwa mv kutoka saraka ya mtumiaji hubaki na lebo yake ya zamani. Irekebishe kwa sudo restorecon -v ukifuatisha njia ya faili. Kuizima SELinux yote kwa ajili ya faili moja si tiba.

Ukishamaliza, rudia configtest, uwashe Apache upya, kisha uthibitishe kwa sudo apachectl -M kwamba moduli imo kwenye orodha. Ikiwa ulichorekebisha ni kiendelezi cha PHP-FPM, huduma ya kuwashwa upya ni php8.2-fpm, kwa maana kuiwasha Apache peke yake hakuigusi.