Kabla ya kwenda kwa daktari wa macho: mkanda wa jeshi na kuona vitu viwili viwili

Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso, akili yote huwa kwenye malengelenge na maumivu. Yakikauka, mgonjwa huona yamekwisha. Kumbe siku au hata wiki kadhaa baadaye jicho linaweza kugoma kugeuka upande mmoja, akaanza kuona vitu viwili viwili. Kirusi ni kilekile cha tetekuwanga, kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu tangu alipougua. Kila jicho huendeshwa na misuli 6 inayopokea amri kupitia mishipa 3 ya fahamu. Mmoja ukidhurika, macho hayaendi pamoja.

Usisubiri uone viwili. Lengelenge likitokea kwenye ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jicho halijawa jekundu, kwa sababu mshipa unaofika hapo ndio unaoingia pia ndani ya jicho. Dawa ya asiklovia, inayopambana na kirusi hicho, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, maana dozi yake hupunguzwa.

Ukishaanza kuona viwili, jipime kabla hujatoka nyumbani. Tazama kitu kilichotulia, kama nguzo ya umeme. Ziba jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto. Ukiona nguzo moja kila unapoziba, jicho lolote lile, basi macho hayaelekei mahali pamoja. Ukiendelea kuona mbili kwa jicho moja tu, shida imo ndani ya jicho hilo lenyewe. Angalia pia kama nguzo hizo zinakaa ubavu kwa ubavu au moja juu ya nyingine, na kama hali inazidi ukitazama mbali au ukishuka ngazi. Mwambie daktari yote hayo. Yanamwonyesha aanze kutafuta wapi. Beba na picha ya zamani ya uso wako, ionekane kama makengeza yalikuwepo.

Matone ya jirani usiyaguse, hasa yenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe): yanaweza kuharibu jicho. Taja kisukari na presha, kwani navyo hupoozesha mishipa hiyohiyo. Na kama wewe ni kijana, kubali kupima VVU bila kuona haya. Mkanda wa jeshi katika umri mdogo mara nyingi ni ishara ya kinga iliyoshuka.

Kope ikianguka ghafla, mboni ikapanuka, au kukawa na maumivu makali ya kichwa, shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja au shida ya kumeza, usingoje siku ya kliniki. Hiyo ni dharura.

Gari na pikipiki acha kwanza. Mtu mzima anaweza kuziba jicho moja ili atembee bila kujikwaa, kwani misuli huchukua miezi kupona. Mtoto usimzibe bila daktari kuelekeza: jicho lake bado linajifunza kuona, na likizibwa kiholela linaweza kudumaa.