Fonti ya pikseli: panga saizi kabla ya rangi

Ukitumia Press Start 2P, ile fonti ya vijimraba yenye sura ya michezo ya video ya kampuni ya Namco ya miaka ya 1980, usiweke saizi kwa kukisia. Herufi zake zimechorwa kwenye gridi ya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo hukaa sawa kwenye 8, 16, 24, 32 na kuendelea. Ukiweka 20, kila kijimraba cha herufi kinadai pikseli mbili na nusu. Skrini haina nusu pikseli, basi inapaka kijivu pembeni na maandishi yanaingia ukungu. Ikuze S uone: ngazi moja nene, nyingine nyembamba. VT323, fonti nyingine ya pikseli, nayo inataka 16 na vigawe vyake.

Kwenye programu ya kuchora, zima ulainishaji wa kingo (anti-aliasing). Hifadhi kwa PNG. JPEG huacha madoa kuzunguka kingo kali, na hapa kingo kali ndiyo mali yenyewe.

Fonti ya pikseli itumie kwenye kichwa, kitufe, alama za mchezo au jalada. Aya nzima? Hapana, utamchosha msomaji bure. Herufi zote zina upana mmoja, i inakula nafasi sawa na m, na neno kama “wanaotuunganisha” litajaza skrini ya simu peke yake. Maelezo yaandike kwa fonti ya kawaida isiyo na madoido, na uache nafasi ya kutosha kati ya mistari ya kichwa.