Jinsi ya kuunga laini ya E1 kwenye Asterisk bila kupoteza wikiendi nzima

Wakuu, hili swali la kuunga E1 (laini ya simu ya kidijitali) kwenye Asterisk (programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu wa ofisi) nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niandike mara moja. Hali ni ile ile siku zote, ofisi imepewa laini 30 na kampuni ya simu kwenye kebo moja, wamenunua seva na kadi, Asterisk imepanda vizuri kabisa, afu wanachomeka kebo na taa inabaki nyekundu. Mtu anaanza kuinstoo Asterisk upya. Usifanye hivyo bana, Asterisk haina kosa hapo, anzia chini kwenye waya ndo upande juu.

Kwanza ujue unachochomeka. E1 ni kilobiti 2048 kwa sekunde zilizokatwa nafasi 32, kila nafasi kilobiti 64, ambayo ni sauti ya mtu mmoja iliyopimwa mara 8000 kwa sekunde kwa biti 8. Nafasi ya 0 haibebi sauti, ni ya kuonyesha fremu, yani mzunguko mmoja wa nafasi zote 32, inaanzia wapi. Nafasi ya 16 ndo D chaneli, humo ndo inapita "kuna simu inakuja, inatoka namba fulani, ipeleke chaneli fulani". Zinabaki 30 za kuongea. Wamarekani wana yao inaitwa T1, ina chaneli 24 na kasi ya kilobiti 1544, na huko ndo walikotoka wengi walioandika mifano ya konfigi unayoikuta mtandaoni. Ukikopi mstari wa span (ndo unaoeleza laini yako ikoje) wenye esf na b8zs umeshapotea, hiyo ya kwao. Sisi huku Tanzania na Kenya ni E1 kama Ulaya.

Na hili la T1 linafuata mpaka kwenye kadi yenyewe. Kadi nyingi za zamani zina jampa ndogo pembeni (kakifuniko ka kuunganisha pini mbili) ya kuchagua E1 au T1 na zinakuja zikiwa T1. Mimi nilishakaa ofisi moja Posta kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni napigizana kelele na fundi wa kampuni ya simu, yeye anasema kwake laini iko safi mimi nasema hamna kitu, kumbe kadi yangu inasubiri chaneli 24. Tangu siku hiyo nafungua seva naangalia jampa kabla hata sijawasha. Kadi mpya zaidi hazina jampa, unapanga kwenye draiva.

Kebo sasa. Kiwango cha umeme wa hii laini ni G.703, kinaruhusu aina mbili, jozi za nyaya za ohm 120 au koaksia ya ohm 75. Kama wamekuletea koaksia mbili zenye vichwa vya BNC na kadi yako ina tundu la RJ45, usikate uunge kwa mkono, tafuta baluni, ni kadude kadogo tu ka kugeuza koaksia kuwa jozi za nyaya. Kama wamekuletea RJ45, kebo ya kawaida ya mtandao iliyonyooka inafaa, maana kadi inapokea kwenye pini 1 na 2 na inatuma kwenye 4 na 5, na kwenye kebo hizo pini ni jozi kweli. Ila ikihitajika ya kugeuza kutuma na kupokea, ile krosova ya kompyuta ya Kariakoo HAIFAI, ile inageuza 1 na 2 kwenda 3 na 6. Yako unakrimpu mwenyewe, 1 iende 4, 2 iende 5, na upande wa pili hivyo hivyo.

Kabla hujamlaumu mtu tengeneza kichwa cha lupu, RJ45 moja tu, pini 1 unaiunga na 4, 2 na 5, unachomeka kwenye kadi. Ikigeuka kijani kadi yako nzima na konfigi ya chini iko sawa, tatizo liko nje. Ukiona Asterisk inalalamika kwamba sisi ni CPE (upande wa mteja) na wao pia wanajiona CPE usishtuke, inajisikia yenyewe hiyo.

Konfigi ya DAHDI, draiva za kadi ambazo Asterisk inazitumia, iko /etc/dahdi/system.conf, ni mistari mitatu ya maana:

span=1,1,0,ccs,hdb3,crc4
bchan=1-15,17-31
dchan=16

Mbili nizieleze maana ndo zinaua watu. Hiyo crc4 mwishoni ni ukaguzi wa makosa ndani ya fremu, na lazima pande zote mbili zikubaliane. Usibahatishe, muulize fundi wao "CRC4 imewashwa au imezimwa?", kama imezimwa futa hilo neno basi. Zisipokubaliana unaweza kuona alamu inakuja na kuondoka, au D chaneli inapanda na kushuka, ukadhani kebo mbovu.

Ya pili ni ile 1 baada ya span=1. Hiyo ni saa, yani mapigo ya kupanga biti zitoke lini. Maana yake "nafuata saa ya upande wa pili", na ukiunganisha na kampuni ya simu iwe 1 siku zote, wao ndo wana saa nzuri. Ukiweka 0 kadi inaenda kwa saa yake na simu zitapita tu, hapo ndo ubaya wake. Kiwango kinaruhusu saa ipotee sehemu 50 kwa milioni, piga hesabu, ni biti kama 102 kwa sekunde, na fremu moja ni biti 256, yani kila sekunde mbili na nusu fremu nzima inarukwa au inarudiwa. Kwenye maongezi ni ka-tik kadogo watu wanazoea, ila faksi zinakufa na mashine za kadi zinazopiga kwa modemu zinagoma, afu lawama zinaenda kwa faksi.

Ukishaseti piga dahdi_cfg -vv afu dahdi_scan. Alamu usome hivi: nyekundu, mimi simsikii. Njano, yeye ndo hanisikii mimi, kwa hiyo angalia jozi yako ya kutuma. Bluu, upande wa pili wanatuma biti za 1 tupu mfululizo, mara nyingi kifaa cha katikati kimepoteza laini huko nyuma, wapigie.

Taa ikiwa kijani ndo ingia chan_dahdi.conf uweke switchtype=euroisdn na signalling=pri_cpe, afu ndani ya Asterisk andika pri show spans. Unataka kuona Up, Active. Kama kijani ipo lakini D chaneli haipandi, ama CRC4 au wao hawajawasha PRI (huduma ya ISDN inayotumia hiyo D chaneli) upande wao, na hilo linatokea sana kuliko wanavyokubali.

Simu zikigoma soma namba ya sababu kwenye debug (maelezo ya ndani ya Asterisk kuhusu kila simu): 17 bize, 1 namba haipo, 28 umetuma namba kwa umbo wasilolitaka, 34 chaneli zimejaa. 28 ndo utakutana nayo, jaribu kupiga na sifuri, bila sifuri, na 255 mbele, mojawapo itapita. Na zinazoingia zikionyesha tarakimu tisa bila sifuri, wafanyakazi wakashindwa kurudisha simu, weka nationalprefix=0 na internationalprefix=000 juu ya mstari wa channel humo humo kwenye chan_dahdi.conf, ristati Asterisk yenyewe maana reload peke yake mara nyingine haichukui, afu jipigie kwa simu yako ya mkononi uone imetokeaje.