Flashi moja kwa Mac na Windows, na PDF kabla ya kuprinti

Kama nyumbani unatumia Mac na ofisini kuna Windows, fomati flashi yako kwa exFAT, mmoja wa mifumo ya kupanga faili kwenye flashi; mingine ni NTFS na FAT32. Flashi ya NTFS, Mac itaifungua na kusoma yaliyomo, lakini ukitaka kuweka faili jipya inakataa. FAT32 inakubalika kote, ila faili moja likifika GB 4 haliingii hata kama flashi ina nafasi tele. Ndiyo maana video ndefu za harusi hugoma. exFAT haina shida hizo mbili, na Linux nayo inaielewa kuanzia kerneli (kiini cha mfumo huo) toleo la 5.4 la mwaka 2019. Kwenye Windows, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, kisha exFAT. Hamisha vilivyomo kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu.

Kwenye kuprinti, tafadhali usiende steshenari na faili la Word peke yake. Kompyuta ya pale ikikosa fonti uliyotumia itaweka nyingine, mistari itasogea, na CV ya kurasa mbili itakuwa tatu, namba ya simu ya mdhamini wa mwisho ikibaki peke yake juu ya ukurasa mtupu. Hifadhi kama PDF. Kabla ya hapo hakikisha karatasi ni A4, kwa sababu baadhi ya programu huja na Letter ya Marekani, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4. Na kama utachomeka flashi moja kwa moja kwenye mashine ya fotokopi, beba nyingine ya FAT32, kwani mashine nyingi za zamani hazisomi exFAT.