Kuitungia Nyatiti na Kuihamishia Wimbo

Watunzi wa kwaya hapa Kisumu wakitaka kuiandikia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, wengi huanzia kwenye kinanda, kisha humkabidhi mpigaji karatasi ya solfa, yaani noti za do, re, mi, ili aitafutie nyuzi. Nakushauri uanzie kwa mpigaji mwenyewe: keti karibu naye kabla hujaandika noti hata moja, umwombe apige kila uzi peke yake, nawe uandike sauti yake pamoja na mkono unaoufikia. Nyuzi ni nane, nne kwa kila mkono, na kwa kuwa hazibanwi kwa vidole kama za gitaa, sauti hizo nane ndizo mali yako yote.

Ukishazijua, tunga kwa kufuata mikono. Upe mkono mmoja mapigo mafupi ya kurudiarudia, kisha uuache wa pili uingie katika nafasi zilizobaki, mpaka msikilizaji asikie wimbo wa tatu ambao hakuna mkono unaoupiga peke yake. Mguu nao una kazi: mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa ala. Pigo hilo liandikie mstari wake tangu mwanzo, kwa sababu vidole hulitegemea, na anayeliongeza mwishoni kama pambo hukuta amekwisha kuandika mapigo yanayogombana nalo.

Kuhamisha wimbo ni kazi nyingine, na kosa kubwa ni kung'ang'ania kila noti. Tuseme una wimbo wa kanisani wa sauti nne, wenye fa, na nyatiti iliyo mbele yako haina fa. Usimwombe mpigaji akaze uzi katikati ya wimbo. Chunguza fa hiyo inafanya kazi gani: ikiwa inapita tu kutoka so kwenda mi, iondoe na urudie so; ikiwa ndiyo kilele cha ubeti, mwachie mwimbaji, na ala iendelee na mapigo yake chini yake. Noti ndefu igawe iwe mapigo kadhaa, kwani uzi ukishapigwa sauti yake huanza kufifia papo hapo. Kama urefu wa noti hiyo ndio uzuri wa wimbo, mimi ningeipa orutu, fidla ya uzi mmoja, ambayo upinde wake huivuta sauti bila kuikata.

Wapiga gitaa wa benga, muziki wa dansi wa Kenya uliochipuka kwa Waluo, walifanya uhamisho wa namna hii kwa ustadi mkubwa: walichukua majibizano ya nyuzi za nyatiti wakayatafutia njia zinazoufaa mkono ulio kwenye gitaa.

Ukimaliza, mpe mpigaji kazi yako aipige polepole. Vidole vikijikwaa pale pale mara tatu, futa sehemu hiyo, umwombe akuonyeshe yeye angepitia wapi, kisha uandike alivyopiga.